Muwasho Usio na Upele

Asubuhi hiyo wateja walikuwa wamejipanga hadi mlangoni na oveni kubwa ilikuwa ndiyo kwanza imetoa mikate ya pili. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, aliurudisha mkate wake juu ya kaunta bila hata kuufungua mfuko. Kwa kidevu tu alionyesha upande wa meza ya kukandia.

"Yule anajikuna," alisema. "Samahani, Dada, lakini mkate huu siwezi kuwapa wanangu."

Waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote. Nyuma ya kioo alisimama Hamira na donge la unga mbele yake, vidole vya mkono mmoja vimezama chini ya kwapa la mwingine, anajikuna taratibu huku macho ameyafumba.

Dada aliiona mikate yote ya siku hiyo ikibaki rafuni. "We Hamira," aliita, na sauti ikafika hadi barabarani, "toa mikono yako kwenye unga wa watu. Nenda ukaoshe trei."

Hamira alifumbua macho. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akaenda kwenye karo. Siku nyingine angejibu kwa mzaha. Jina la Hamira alipewa na mama yao tangu utotoni kwa sababu ukimkandamiza jioni, asubuhi unamkuta ameumuka tena, anacheka. Dada yake hakuwa na jina jingine zaidi ya Dada. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee, kwa kuwa duka la mikate lilikuwa lake na neno lake ndilo lililofunga mjadala.

Muwasho ulikuwa umeanzia miguuni, miezi kadhaa nyuma. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Hamira alisema amegeuka gitaa, anajipiga mwenyewe na kucheza mwenyewe. Akitoka kuoga maji ya moto mwili wote ulimlipuka, naye angesimama katikati ya chumba na brashi ya kufulia, akijisugua mapaja mpaka shemeji yake, mume wa Dada, abishe hodi kuuliza kama kuna usalama. Ajabu ni kwamba ukiitazama ngozi hukuona kipele wala lengelenge. Ulichokiona ni mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe, mingine imekauka damu, mingine imeshakuwa makovu.

Kama mtu yeyote, Dada alidhani ni upele. Nyumba nzima ikapakwa ile dawa nyeupe yenye harufu kali, shingoni hadi nyayoni. Mashuka yakachemshwa, magodoro yakaanikwa. Shemeji alinung'unika kwamba kazini wanamkimbia, ananuka kama ng'ombe aliyetoka joshoni. Wote wakapona ugonjwa ambao hawakuwa nao, isipokuwa Hamira.

Baadaye ikasemwa ni unga. Kwenye zahanati wakampa vidonge vya mzio. Vilimlaza kitini mchana kweupe, lakini hata usingizini mikono yake iliendelea na kazi. Zikaja dawa za minyoo. Mwisho mtu mmoja akasema labda ni mawazo, na neno hilo Dada akalishika kwa mikono miwili.

"Mawazo gani hayo?" alimuuliza mdogo wake wakiwa wanapanga mikate. "Kodi hulipi, mume huna, mtoto huna. Ungekuwa na duka la kuendesha si ungejichuna ngozi kabisa?"

Alisema kama utani, lakini utani wa Dada siku zote ulikuwa na mfupa ndani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiku Dada alikuwa akilala; aliyekesha ni Hamira.

Jioni ya siku ile mkate uliporudishwa, Dada aliingia chumba cha Hamira akachukua mto wa binti yake. Mtoto huyo, wa darasa la pili, alikuwa amezoea kulala na mama yake mdogo tangu aachishwe ziwa.

"Kwa nini nihame?" mtoto aliuliza koridoni. "Mama mdogo amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Siku hizi ni mchafu kidogo, basi."

Mlango wa chumba ulikuwa pazia tu. Dada alijua hivyo wakati anasema, na aliona pazia likitikisika kidogo kisha likatulia. Alikwenda kumtandikia mtoto kitanda kingine.

Wiki chache baadaye walikwenda hospitali kubwa. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimkagua Hamira mwili mzima, akambonyeza shingoni, kwapani na kwenye kinena.

"Upele uko wapi?" aliuliza.

"Ndilo tulilokuja kukuuliza wewe, daktari," Dada alijibu.

"Haupo. Hapa ngozi inasingiziwa tu." Aliivaa miwani akamtazama Hamira, si Dada. "Pole, mama. Muwasho wa muda mrefu usio na upele huwa tunautafuta ndani. Tutapima damu, ini na figo. Na tutapiga picha ya kifua."

"Kifua?" Dada alicheka. "Anawashwa miguu."

"Nimesikia. Majibu ya damu mtayapata leo. Picha mrudi wiki ijayo, mashine iko kwenye matengenezo. Mrudi, tafadhali."

Majibu ya damu hayakuonyesha tatizo kwenye ini wala figo, na Dada akarudi nyumbani amechukua nusu ya maneno ya daktari, ile nusu iliyompendeza.

Wiki hiyohiyo duka lilikuwa limepata kazi ya keki ya harusi, ya ghorofa nne, imezungushiwa maua ya sukari. Na maua hayo yalikuwa ya Hamira. Hakuna mwingine dukani aliyeweza kukunja petali nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lakini mkono usiotulia haukunji petali. Ua la kwanza lilipasuka, la pili likapasuka, na Hamira akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, akijikuna huku machozi yanamtoka bila sauti.

Dada alivuka barabara kwenda duka la dawa. Muuza dawa, mtu mpole na mteja wao wa kila siku, alimpa vidonge vidogo vyeupe. "Hivi vinazima muwasho wa aina yoyote," alisema. "Lakini bila cheti cha daktari sikupaswa kukupa. Siku chache tu, Dada. Usimzoeshe."

"Ni vya nini?" Hamira aliuliza alipopewa.

"Vya mzio. Kama vile vya kwanza, ila vikali zaidi."

Usiku wa pili Hamira alilala hadi asubuhi. Aliamka akiimba. Maua yalikamilika, keki ikaenda harusini, na watu walikuja dukani kuuliza ni nani mwenye mkono ule. Hamu ya kula ikamrudia Hamira, mashavu yakaanza kujaa, na Dada akamrudisha kwenye meza ya kukandia bila kusema lolote kuhusu siku ile nyingine.

"Dada, kesho si ndiyo siku ya picha?" Hamira alikumbuka.

"Picha ya nini tena? Mtu si amepona? Tukapange foleni kutwa nzima kutafuta ugonjwa?"

Hamira alifurahi kuamini. Nani asingefurahi? Muuza dawa alipokataa kuongeza vingine, Dada alikwenda duka la mtaa wa pili ambako hawakumjua, na vilipokwisha huko akaenda la mtaa wa tatu. Hakujiuliza sana. Kila alipomtazama mdogo wake akicheka na wateja, alijiambia kuwa ushahidi ndio ule.

Aliyeviacha vidonge, baada ya miezi kadhaa, ni Hamira mwenyewe. Uso ulikuwa umevimba ukawa duara na viatu havikumwingia tena. "Vinanijaza maji," alisema, akaviacha kidogo kidogo mpaka akaviacha kabisa. Na muwasho ukarudi, safari hii na ndugu zake: homa za jioni, jasho la kulowesha godoro, kikohozi kikavu kila akilala chali. Nguo zilizokuwa zimembana zikaanza kumpwaya kwa kasi ya kutisha.

Shemeji ndiye aliyesema. Alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani mwake. Asubuhi moja aliweka kikombe mezani. "Mke wangu, mpeleke shemeji hospitali. Leo. Duka likifungwa siku moja halitakufa."

Picha ilipowekwa kwenye ubao wa taa, daktari wa ngozi hakusema kwamba aliwaambia. Alikionyesha tu kivuli katikati ya kifua, baina ya mapafu, kipana kama kiganja cha mtu mzima. Ndani ya siku chache Hamira alichomwa sindano ndefu kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe huo, nao wakahamishiwa kwa daktari wa magonjwa ya damu na tezi, mwanamume mrefu mwenye kusema polepole.

"Maabara hawajapata kitu cha kusimamia," aliwaambia. "Wameona seli zilizonywea na nyama iliyokufa. Inaweza kuwa saratani ya tezi, tunaiita limfoma. Inaweza kuwa kifua kikuu cha kwenye tezi. Kwa jinsi mambo yalivyo, naelekea kumwanzishia dawa za kifua kikuu tuone anavyoendelea. Kabla ya hapo niwaulize: kuna dawa yoyote ametumia miezi hii? Za dukani? Za mitishamba?"

"Vidonge vya mzio tu," Hamira alisema, akamgeukia Dada athibitishe.

Dada alimtazama daktari, si Hamira. "Vya mzio tu," alisema.

Kwenye basi la kurudi nyumbani Hamira alisinzia begani kwake, mikono yake ikiendelea kujikuna juu ya gauni. Dada aliitazama njia yote. Aliijua vizuri mikono hiyo. Ndiyo iliyomshika pindo la sketi siku mama yao alipompeleka Hamira shule kwa mara ya kwanza, kwa sababu Hamira hakutaka kuingia darasani bila dada yake. Dada alijaribu kujiambia kwamba vidonge ni vidonge, kwamba daktari ataona mwenyewe, kwamba kusema sasa ni kuleta balaa bure. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomkaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yao alikuwa akisema, na hapa aliyeficha ni mmoja na wa kuumbuliwa ni mwingine.

Asubuhi iliyofuata aliwaachia wafanyakazi duka, akaketi kwenye benchi la koridoni hospitalini mpaka daktari mrefu alipotoka.

"Daktari, jana nilikudanganya."

Daktari alimwingiza ofisini. Dada alifungua mkoba, akatoa pakiti tupu aliyoiokota chini ya mto wa Hamira. Daktari alisoma jina la dawa, akaigeuza pakiti, akasoma tena.

"Alimeza kwa muda gani?"

"Miezi, mpaka alipoviacha mwenyewe. Yeye hakujua ni nini. Mimi ndiye niliyemwambia ni vya mzio. Na ile picha ya kifua, mimi ndiye niliyesema haina haja."

Daktari alivuta kiti akaketi. "Hii ni steroidi, ya kutuliza uvimbe na muwasho, dawa nzuri kwenye kazi yake," alisema. "Tatizo ni kwamba seli za limfoma zikikutana nayo hunywea, nyingine hufa. Mgonjwa anapata nafuu, kila mtu anafurahi. Halafu sisi tukichoma sindano tunaokota maganda. Ugonjwa uko palepale, kinachokosekana ni uso wake."

"Nimemuua mdogo wangu?"

"Umetuchelewesha." Hakulilainisha neno, wala hakuliongeza makali. "Kwa sasa hamezi tena, na hiyo ni bahati. Dawa za kifua kikuu sitaanza. Jana niligusa tezi mpya chini ya shingo yake, juu ya mtulinga, ndogo, lakini inakua. Tutaingoja kidogo, kisha tutaitoa nzima nzima, tuipeleke maabara." Alimrudishia pakiti. "Ningependa ungesema jana, mbele yake. Nikimwona nitamweleza, maana mwili ni wake. Lakini ingekuwa vizuri alisikie kwako kwanza."

Hamira alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Ndiyo njia pekee iliyokuwa ikimpa nafuu mchana. Dada hakuketi ngazini. Alichuchumaa kwenye saruji, uso kwa uso naye, na akasema yote kwa mpangilio alioupanga njiani: vidonge ni vya nini hasa, alivyovinunua mtaa kwa mtaa, alivyodanganya jana, na alichosema daktari.

Hamira alisikiliza huku akiyachezesha maji kwa vidole vya miguu.

"Kwa hiyo muwasho ni wa kweli," Hamira alisema.

"Ni wa kweli. Unatoka kwenye huo uvimbe wa kifuani."

"Si uchafu."

"Hapana."

"Wala si uvivu. Wala si mawazo."

"Hapana, mdogo wangu. Nisamehe. Vile vidonge..."

"Achana na vidonge." Hamira aliinua mguu mmoja kutoka majini, akautazama. "Siku zile hata ungenipa sumu ya panya ningemeza, ilimradi nilale. Na ukweli ni kwamba picha hata mimi sikuitaka, niliogopa. Hayo tutagawana. Lakini mtoto, Dada. Ulimtoa mtoto chumbani. Ukamwambia mimi mchafu, na mimi niko nyuma ya pazia. Ulijua niko pale."

Dada alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kupigwa beseni. Maneno yake yote ya kuomba msamaha yalikuwa ya vidonge.

"Nilijua," alisema.

"Basi." Hamira aliurudisha mguu majini. "Nilitaka tu usikie kwamba nilisikia."

Jioni hiyo Dada alimwita binti yake jikoni. Alimwambia kwamba mama yake mdogo ni mgonjwa, hakuwa mchafu hata siku moja, na kwamba yeye, mama yake, alisema uongo. Mtoto alimkazia macho kwa muda, kama watoto wanavyofanya wakigundua mtu mzima anaweza kukosea. "Umemwambia yeye?" aliuliza. Kisha akachukua mto wake bila ruhusa ya mtu, akarudi kwa mama yake mdogo.

Tezi ya shingoni ilitolewa, na safari hii maabara walikuwa na kitu cha kusimamia. Ilikuwa limfoma ya Hodgkin. Daktari mrefu aliwaeleza kwamba kati ya saratani, hii ni mojawapo ya zile wanazopigana nazo wakitarajia kushinda, ingawa ya Hamira ilikuwa imetambaa zaidi ya walivyopenda, kwa hiyo dripu za dawa ya saratani zitakuwa nyingi na baada yake itakuja mionzi. Aliposema "imetambaa," alikuwa akimtazama Hamira. Dada ndiye aliyeinamisha kichwa.

Muwasho uliondoka baada ya dripu ya kwanza. Hamira alikuwa amelala wodini, anatapika tangu jana yake, midomo imekauka, akamshika Dada mkono ghafla. "Sikiliza," alisema. Dada alisikiliza, hakusikia kitu. "Hakuna kinachoniwasha." Alinyoosha mikono yote miwili juu ya shuka, ikatulia. Dada alikwenda chooni, akafungua bomba ili maji yafunike sauti, akalia mpaka muuguzi akagonga.

Nywele zikanyonyoka. Mwili ukawa mwepesi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye ugonjwa uleule, ambaye wa kwake ulikuwa umejitokeza kama maumivu ya mgongo, akakandwa mwaka mzima na kila mkandaji wa mjini. Yeye na Hamira walicheka mpaka wakakohoa, wakilinganisha mambo waliyosingiziwa. Kila Dada alipofika na chupa ya uji aliwakuta wakicheka, na kicheko kilipungua kidogo alipoingia. Hakuna aliyekusudia. Kilipungua tu.

Matibabu yalipoisha, Hamira hakurudi kuishi kwa Dada. Alipanga chumba kwenye nyumba ya yule mwalimu, na huko akaanza kutengeneza maua ya sukari kwa maduka mengine na kwa la Dada pia, kwa bei ileile. Shemeji alimsaidia kuhamisha kitanda. Dada alitaka kumnunulia friji, sofa, pazia, kila kitu. Hamira alipokea friji, vingine akakataa. "Usininunue, Dada," alisema, bila hasira. "Njoo tu Jumapili tukae."

Alikwenda kila Jumapili. Kuna siku walikaa vizuri kama zamani, na kuna siku Hamira alichoka mapema, na Dada akarudi nyumbani akijiuliza uchovu ule ni wa ugonjwa au ni wa kumwona yeye.

Picha ya mwisho ilipotoka safi, muuguzi mpya alikaa nao kumsajili Hamira kwenye kliniki ya kila miezi mitatu. "Ikitokea dharura," aliuliza, "tumpigie nani?"

Dada alikuwa ameshafungua mdomo kutaja namba yake.

"Mwalimu," Hamira alisema, akaitaja namba ya mwenye nyumba wake kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine.

Walitoka nje wakasimama kando ya barabara kusubiri magari yapungue. Dada alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani, anatazama upande mwingine.

"Usinune," Hamira alisema. "Yeye simu anapokea. Wewe ukiwa kwenye oveni hata rais akipiga hupokei."

"Ni kweli," Dada alijibu, na akacheka, maana ilikuwa kweli. Hamira alimshika mkono, wakavuka.